Saa, Lita na Nozeli: Gharama Halisi ya Kuitunza Injini ya Meli

Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliizamisha meli yao wenyewe katika Ziwa Tanganyika ili isiangukie mikononi mwa adui. Kabla ya kuifungulia maji, mafundi waliingia chumba cha injini wakazipaka mashine grisi nzito, kila mahali. Mwaka 1924 Waingereza wakaiopoa, na walipoifungua wakakuta injini na boila bado zinafaa. Mwaka 1927 meli hiyo ikarudi kazini kwa jina tunalolijua leo, Liemba, ikaendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipofungwa injini za dizeli.

Thamani ya grisi ile unaiona ukikumbuka jinsi meli yenyewe ilivyofika ziwani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kupakiwa katika masanduku 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, kisha kwa reli ya kilomita zaidi ya 1,200 hadi Kigoma. Injini ikifa ziwani, safari yote hiyo inaanza upya.

Nimeanza na Liemba kwa sababu watu wengi, wakiwemo wanaopitisha bajeti, huipima gharama ya matengenezo ya meli kwa ankara ya vipuri. Wanaona bei ya pistoni, wanashtuka, wanasema tusubiri mwaka ujao. Ila bei ya kipuri ni sehemu ndogo ya hesabu. Kubwa limejificha kwenye saa ambazo injini inafanya kazi, kwenye mafuta inayokunywa ikiwa imechoka, na kwenye siku ambazo meli imefungwa gatini.

Tuanze na saa. Gari tunalihesabu kwa kilomita, injini ya meli inahesabiwa kwa saa. Chukua kivuko cha wastani chenye injini mbili za kilowati 600 kila moja, kinachofanya kazi saa 12 kwa siku, siku 350 kwa mwaka. Hizo ni saa 4,200. Ukiziweka kwenye gari linalokwenda wastani wa kilomita 50 kwa saa, ni kilomita 210,000 kwa mwaka mmoja. Daladala likitembea hivyo kwa miaka mitano litakuwa limepita kilomita milioni moja, na hakuna mmiliki ambaye angetegemea kufika huko bila kushusha injini. Kwenye kivuko tunategemea hivyo, na tunapakia watu.

Injini ya mwendo wa kasi inayozunguka mara 1,800 kwa dakika, ndani ya saa hizo 4,200, huzunguka zaidi ya mara milioni 453. Kila mzunguko, pistoni inapanda na kushuka ndani ya laina, yaani ukuta wa chuma wa silinda, na kinachozuia chuma kisisagane na chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele wa kichwani. Ndiyo maana fundi wa meli halali usingizi kwa ajili ya oili. Ikibadilishwa kila baada ya saa 250, kivuko chetu kitahitaji kumwagiwa oili mpya mara 17 kwa mwaka. Tuseme kila injini inachukua lita 200 na lita inauzwa shilingi 10,000: ni lita 6,800, shilingi milioni 68.

Milioni 68 inaonekana nyingi mpaka uiweke kando ya mafuta. Injini ya dizeli ya aina hii hutumia takribani gramu 210 za mafuta kwa kila kilowati kwa saa. Ikivuta kwa asilimia 80 ya nguvu yake, kila injini inakunywa kama lita 120 kwa saa, mbili lita 240. Kwa mwaka ni lita 1,008,000. Kwa bei ya mfano ya shilingi 2,800 kwa lita, hiyo ni bilioni 2.82. Oili yote ya mwaka haifiki asilimia 3 ya fedha hiyo. Anayesogeza zamu ya kubadilisha oili ili aokoe anachungulia mfuko mdogo kuliko yote.

Mfuko mkubwa, basi, ni mafuta, na nozeli, kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya silinda, ndiyo inayonifanya nitamani kila mhasibu wa kivuko aingie karakana hata kwa saa moja. Karakana ya nozeli haina mengi: meza, pampu ya mkono yenye geji, na taa. Fundi anaifunga nozeli kwenye pampu, anasukuma mpini taratibu, macho kwenye geji. Shinikizo linapanda hadi kama mara 250 ya hewa ya kawaida; tairi la gari dogo halifiki hata mara 3. Nozeli nzima hapo inapiga kwa mlio mkali na mafuta yanatoka kama ukungu, pande zote sawa. Nozeli iliyochoka inadondosha, au inarusha mchirizi upande mmoja kama bomba la bustani. Mchirizi huo ndani ya silinda hauungui wote. Unasafisha oili kwenye ukuta wa laina, unachoma kichwa cha pistoni, na unaobaki unatoka juu kama moshi mweusi. Moshi ule abiria wanaouzoea ni mafuta yaliyolipiwa yanayotupwa hewani.

Tuseme nozeli zilizochoka zimeongeza matumizi ya mafuta kwa asilimia 5 tu. Kwenye lita zetu 1,008,000, hiyo ni lita 50,400, shilingi milioni 141 kwa mwaka. Kama injini zote mbili kwa jumla zina silinda 24, kila nozeli iliyochoka inakula karibu milioni 5.9 kila mwaka inapoachwa mahali pake. Chukua namba hiyo uiweke pembeni ya ankara ya nozeli mpya halisi, pamoja na usafiri na ushuru wake, kisha amua ipi ni ghali. Na hapo bado hatujagusa laina iliyoliwa, ringi zilizovunjika, wala pistoni iliyotoboka.

Uharibifu ndani ya injini huambukizana. Pampu ya maji ya kupoza inaanza kuvuja kwenye sili yake. Joto linapanda kidogo, mtu anapunguza mwendo badala ya kusimama. Silinda hedi inapinda, gasketi inaungua, maji yanaingia kwenye oili, na oili yenye maji haibebi tena kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni. Beringi zinakwaruzwa, kisha kranki yenyewe. Kranki ikishakwaruzwa, unazungumzia kuing'oa injini nzima, kwenye chumba ambacho mara nyingi hakina mlango wa kuipitisha, kwa hiyo dari au ubavu wa meli unakatwa. Mwanzo wake ulikuwa sili ya mpira inayotosha kiganjani.

Kwenye meli kubwa za bahari kuu ukubwa unabadilika, kanuni ni ile ile. Injini ya Wärtsilä-Sulzer yenye silinda 14, iliyofungwa kwenye meli ya makontena Emma Mærsk mwaka 2006, ina uzito wa tani 2,300 na nguvu ya zaidi ya kilowati 80,000, huku ikizunguka mara 102 tu kwa dakika. Kranki yake ina tani 300, na kila pistoni tani 5.5, kama tembo dume mmoja. Kubadilisha pistoni huko ni kazi ya kreni iliyo ndani ya chumba cha injini, na meli inabeba baadhi ya vipuri hivyo kutoka bandari hadi bandari, maana katikati ya Bahari ya Hindi hakuna duka. Meli kama hizo zina ratiba isiyobembelezwa: chini ya meli hukaguliwa angalau mara mbili ndani ya miaka mitano, na kati ya ukaguzi mmoja na mwingine isipite miezi 36.

Hata hivyo ratiba haioni kila kitu. Tarehe 26 Machi 2024, meli ya makontena Dali, yenye urefu wa mita 300, ilizimika umeme ikitoka bandari ya Baltimore, Marekani, ikagonga nguzo ya daraja la Francis Scott Key. Daraja likaanguka na mafundi sita wa barabara wakafa. Wachunguzi wa Marekani walihitimisha mwaka 2025 kwamba umeme ulikatika kwa sababu ya waya mmoja uliolegea kwenye mfumo wa umeme wa meli: kibandiko cha jina la waya kilivalishwa vibaya, kikazuia ncha yake isiingie sawasawa kwenye kishikizo. Wamiliki na waendeshaji walikubali kuilipa serikali ya Marekani takribani dola milioni 102 kwa gharama za uokoaji na kusafisha njia. Daraja jipya limekadiriwa kugharimu zaidi ya dola bilioni 4. Kuuvuta waya ule kwa vidole, kuona kama umekaza, ni kazi ya sekunde chache.

Turudi kwenye maziwa yetu, ambako hesabu ina kipengele ambacho pwani hawana. Kivuko cha Dar es Salaam kikichoka kinaweza kuvutwa kwa bahari hadi Mombasa. MV Magogoni ilipelekwa huko mwaka 2023. Meli ya Ziwa Victoria haina pa kwenda. Ziwa liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mto pekee unaotoka humo, Nile, una mabwawa na maporomoko. Meli haiwezi kuifuata karakana, kwa hiyo karakana lazima iifuate meli.

MV Victoria ni mfano ulio wazi. Iliundwa Glasgow, ikafunguliwa, ikaletwa Kisumu kuunganishwa, na kuanza kazi mwaka 1961. Mwaka 2014 ikasimama. Ilirudi majini mwaka 2020, baada ya kufungwa injini na mitambo mipya, kwa mkataba wa shilingi bilioni 22.7. Pamoja nayo, serikali ililipia ujenzi wa chelezo pale Mwanza kwa bilioni 36.4, na ukarabati wa MV Butiama kwa bilioni 4.9. Tazama vizuri: mahali pa kuipandishia meli paligharimu zaidi ya kuikarabati meli yenyewe. Naona fedha hiyo ilikwenda mahali sahihi, kwa sababu chelezo kitahudumia meli zote za ziwa kwa miongo. Ziwa lisilo na chelezo cha kutosha ni ziwa ambalo meli zake zinangojea zamu ya kufa.

Sasa tugawe ile bilioni 22.7. Kutoka 1961 hadi 2014 ni miaka 53. Kwa thamani ya fedha ya wakati wa ukarabati, ni sawa na kuweka kando milioni 428 kila mwaka. Meli inabeba abiria 1,200. Tuseme inafanya safari 6 kwa wiki, tatu za kwenda na tatu za kurudi, wiki 50 kwa mwaka, na inajaa nusu tu: ni tiketi 180,000. Gawanya. Kila tiketi ingechangia shilingi 2,380, chini ya ile bei yetu ya lita moja ya dizeli, na ukarabati wote ungekuwa umelipiwa kabla meli haijasimama.

Kusimama nako kuna bei. Kwa nauli ya mfano ya shilingi 25,000 na meli iliyojaa nusu, wiki moja gatini inapoteza milioni 90. Kipuri kilichoagizwa baada ya kuharibika, kikachukua wiki sita kufika kutoka kiwandani hadi Dar es Salaam, kulipiwa ushuru na kupandishwa lori hadi Mwanza, kimekula milioni 540 kabla hakijafunguliwa kwenye boksi. Kingekuwa kwenye rafu ya stoo, meli ingesimama siku mbili. Stoo ya vipuri inaonekana kama fedha iliyolala. Kwa meli ya ziwani, ndiyo inayomfanya fundi aanze kazi jioni ile ile. Nayo haitaki kila kitu. Inataka vile vinavyochakaa kwa saa zinazojulikana: nozeli, ringi, gasketi, sili, filta, pampu za maji, beringi. Kranki unaweza kuiagiza, maana ukivitunza hivi vidogo hutaihitaji kwa miaka mingi.

Kuna jambo la mwisho, na hili ni la yeyote anayesimamia chombo cha majini, awe wa halmashauri, wa kampuni au mwenye boti moja ya mizigo. Kwenye chumba cha injini kuna daftari la saa. Humo huandikwa saa zilizopita, siku oili ilipobadilishwa, nozeli ilipopimwa, joto la kila silinda. Likiwa limejazwa kila zamu, linamwambia injinia lini aagize kipuri, miezi kadhaa kabla hakijahitajika. Likiwa na kurasa tupu, hesabu zote nilizofanya hapa haziwezekani, na meli inaendeshwa kwa kubahatisha. Mkikaa kwenye kikao cha bajeti ya mwaka ujao, kabla hamjakata fungu la matengenezo, agizeni daftari hilo liletwe mezani na mlisome.