Mizuka ya hotelini: Kwa nini Pwani Kusini haiuzi hadithi zake za usiku

MGENI anayelala kwa mara ya kwanza katika nyumba ya makuti ufuoni Tiwi, eneo la Matuga, huenda akaamshwa usiku wa manane na kilio cha mtoto mchanga juu ya paa. Kilio huanza taratibu, kikapanda, kisha kikakatika ghafla. Asubuhi akiuliza, mlinzi humjibu kwa tabasamu kwamba huyo ni komba, mnyama mdogo wa usiku mwenye macho makubwa, na kwamba wako tele minazini.

Jibu hilo ni la kweli. Hata hivyo, lau hoteli hiyo ingekuwa Colorado au Arkansas, huenda mgeni asingepewa jibu jepesi kiasi hicho. Angeelekezwa mapokezi akakate tiketi ya ziara ya usiku.

Nchini Marekani hoteli kongwe isiyo na mzuka huonekana kama imepungukiwa na kitu. Hoteli ya Stanley mjini Estes Park, Colorado, iliyofunguliwa mwaka wa 1909, inajulikana duniani kote kwa sababu ya chumba kimoja, nambari 217. Mwandishi Stephen King alilala humo na mkewe mwaka wa 1974, hoteli ikiwa karibu kufungwa kwa majira ya baridi na wageni wakiwa wamekwisha kuondoka. Kutokana na usiku huo akaandika riwaya yake ya mwaka wa 1977, The Shining. Filamu iliyotengenezwa na Stanley Kubrick mwaka wa 1980 haikupigwa picha hotelini hapo, lakini jambo hilo haliwasumbui mashabiki wanaosafiri masafa marefu kukiomba chumba hicho.

Katika Hoteli ya del Coronado, California, aliyegeuzwa mzuka ni mwanamke aliyeishi kweli. Kate Morgan aliwasili peke yake Novemba 1892 akitumia jina la bandia, na siku chache baadaye akakutwa amekufa kwa jeraha la risasi. Ni msiba wa kuhuzunisha, lakini zaidi ya karne moja baadaye chumba kinachosemekana kuwa chake kingali kinatafutwa na wageni.

Pengine mfano ulio wazi zaidi ni Hoteli ya Crescent huko Eureka Springs, Arkansas, iliyojengwa mwaka wa 1886. Mwaka wa 1937 ilinunuliwa na Norman Baker, tapeli asiyekuwa na shahada yoyote ya udaktari, akaigeuza hospitali na kuwatangazia wagonjwa wa saratani kwamba ana dawa ya kuwaponya. Alihukumiwa mwaka wa 1940 kwa ulaghai kupitia posta. Mnamo 2019 chupa za dawa na za vipande vya miili kutoka enzi yake zilifukuliwa katika uwanja wa hoteli hiyo. Kwingineko habari kama hiyo ingefukuza wateja. Huko iliongezwa katika ziara ya mizuka.

Katika mifano yote mitatu mpangilio ni ule ule. Hoteli ilitangulia, kisha mtu akafa au akateseka ndani yake, kisha hadithi ikazaliwa, na hatimaye hadithi ikatiwa bei. Mzuka wa Marekani ni mgeni aliyekataa kuondoka. Anahesabika kuwa sehemu ya jengo, na mwenye jengo ndiye mwenye mzuka.

Pwani ya Kenya mambo hayakwenda hivyo, na lugha yenyewe inadokeza sababu. Mzuka, kama jina linavyoonyesha, ni kitu kinachozuka, na si lazima kiwe mfu. Jini hajawahi kuwa binadamu. Kwa mujibu wa Kurani, ambamo sura ya 72 imepewa jina lake, ni kiumbe kilichoumbwa kwa moto. Pepo humpanda mtu na hupungwa kwa ngoma na ubani. Mzimu huweza kuwa roho na huweza pia kuwa mahali penyewe, pango au mbuyu panapowekwa kitambaa na maji ya waridi. Nao Wadigo, pamoja na Wamijikenda wenzao, wana koma, yaani roho za wazee waliotangulia, ambazo hulinda ukoo na huuadhibu pia unapokosa adabu.

Hata ile hadithi inayojulikana na kila dereva wa Pwani, ya mwanamke mrembo mwenye buibui anayeomba lifti usiku na kisha kuonekana ana kwato badala ya nyayo, haimhusu marehemu yeyote. Huyo ni jini aliyejigeuza. Mwislamu mcha Mungu anaweza kuisikiliza bila kuona kwamba imani yake imeguswa, ilhali habari ya marehemu anayerandaranda vyumbani humwia ngumu, kwa kuwa dini inamfundisha kwamba aliyekufa amekwenda zake.

Tofauti kubwa zaidi imo katika ardhi. Kuanzia Likoni hadi Shimoni, pepo na koma walikuwepo kabla ya hoteli. Msitu wa Diani, ambao sasa umebaki vipande vipande katikati ya maduka na majumba ya wageni, ulikuwa na makaya ya Wadigo ndani yake. Karibu na mlango wa Mto Mwachema, unaotenganisha Tiwi na Diani, umesimama Msikiti wa Kongo katikati ya mibuyu mikubwa, msikiti wa karne nyingi ambao ungali unaswaliwa. Mwekezaji aliyefika na ramani yake alikuta mahali tayari pana wenyewe, walio hai na wasioonekana.

Kisiwa cha Chale, kusini mwa Diani, kinaeleza hali hiyo vizuri. Wazee wa Kidigo wanakihesabu kuwa kaya, mahali pa sala na makaburi. Katika miaka ya 1990 hoteli ilijengwa katika sehemu ya kisiwa hicho licha ya pingamizi za wazee. Katika mgogoro wa namna hiyo, anayesema kwamba mahali fulani pana koma hasimulii hadithi ya kumchangamsha mtalii baada ya chakula cha jioni. Anadai haki. Si ajabu, basi, kwamba wenye hoteli hawana haja ya kulitaja jambo hilo katika vijitabu vyao vya matangazo.

Zipo pande ambako wenyeji wenyewe ndio walioshika usukani. Kaya Kinondo, msitu wa hekta 30 hivi ufuoni mwa Diani, uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008 pamoja na misitu mingine mitakatifu ya Wamijikenda. Watalii huingia humo wakiongozwa na mwenyeji. Hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huvua kofia, na hawaruhusiwi kuchukua chochote, hata jani. Mwongozaji hueleza mti upi hutibu nini, na penye makaburi hukataza picha. Mgeni aliyezoea ziara za Colorado huenda akatoka amevunjika moyo kidogo, maana hakuna anayejaribu kumtisha. Heshima inayodaiwa hapo ni ile inayodaiwa katika nyumba ya mtu.

Shimoni, takriban kilomita 75 kusini mwa Mombasa, pana suala gumu zaidi. Pango la matumbawe lililoupa mji huo jina linajulikana na watalii kama pango la watumwa. Wageni huonyeshwa vyuma vilivyopigiliwa ukutani na kuelezwa kwamba mateka walifungwa humo wakingoja jahazi za kwenda Unguja. Popo huruka juu ya vichwa, maji hudondoka, na mtu hahitaji kuambiwa kwamba pana mizuka ili nywele zimsimame. Kiingilio husimamiwa na jamii ya hapo, na mapato yake yamesaidia shule na huduma za afya.

Lakini pango hilo lina habari nyingine pia. Simulizi za wenyeji zinasema lilikuwa maficho wakati wa mashambulizi ya Wamaasai, na sehemu yake ni mzimu ambako watu hupeleka haja zao hadi leo. Watafiti wa turathi wameonyesha kwamba kumbukumbu ya mzimu ina mizizi ya kina miongoni mwa wakazi, na kwamba ile ya utumwa imepata nguvu zaidi kadiri utalii ulivyokua. Biashara ya watumwa katika ukanda huo haina shaka; ilipigwa marufuku baharini kwa mkataba wa mwaka wa 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa Pwani ya Kenya mwaka wa 1907. Kinachobishaniwa ni kiasi gani cha historia hiyo kilipita katika pango hili hasa.

Ubishi kama huo upo Unguja. Chini ya nyumba ya wageni ya Mtakatifu Monica, jirani na Kanisa Kuu la Kianglikana, Mji Mkongwe, wageni hushushwa katika vyumba vyenye dari fupi na kuambiwa kwamba vilikuwa vya watumwa. Soko la watumwa lilikuwa katika kiwanja hicho hicho hadi mwaka wa 1873. Jengo lenyewe, hata hivyo, lilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba vyumba hivyo havikuwahi kuwa gereza. Hiyo ndiyo hatari ya kuiga mtindo wa Marekani katika mambo ya namna hii. Ukishaanza kupamba mateso ya kweli ili mgeni asisimke, atakayegundua pambo atakuwa na sababu ya kutilia shaka hata mateso.

Ama kuhusu yale yanayosikika na kuonekana, mengi yana maelezo yasiyohitaji mganga. Wapwani wana neno jinamizi, hali ambayo mtu huzinduka usingizini akili ikiwa macho huku mwili ukikataa kutii, kifua kikiwa kizito, na mara nyingi akihisi kuna mtu chumbani. Madaktari wanaitambua vyema hali hiyo, na uchovu wa safari huizidisha. Mwaka wa 1998 mhandisi Mwingereza Vic Tandy aliandika jinsi yeye na wenzake walivyohisi ubaridi na kuona vivuli katika maabara yao, hadi alipogundua kwamba feni mpya ilikuwa ikitoa mtetemo wa mara 19 hivi kwa sekunde, mdogo mno kusikika kwa sikio. Wapo wanaoitilia shaka nadharia yake. Lakini ufuo wa Tiwi, ambako bahari imetoboa mapango chini ya miamba ya matumbawe, hutoa ngurumo zake wenyewe maji yanapojaa, na mwenye chumba juu ya mwamba huzihisi kitandani.

Ipo aina moja ya hoteli ambako hadithi hazijakoma, nayo ni ile iliyofungwa. Agosti 1997 ghasia zilizuka Likoni, watu wengi wakauawa na maelfu kuhama makwao. Watalii wakaikimbia Pwani Kusini. Miaka iliyofuata ilileta mapigo mengine, yakiwemo machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, na hoteli kadhaa za zamani za Diani zikafunga milango, nyingine zisifunguliwe tena. Makuti yalioza, mabwawa yakakauka, nyani wakahamia vyumbani. Walinzi waliobaki husimulia habari za nyayo koridoni na taa mahali pasipo na umeme.

Hakuna aliyezitia bei hadithi hizo, na huenda ni vyema. Kate Morgan hana ndugu wa kumlilia leo, ilhali waliofiwa mwaka wa 1997 wangali wanapita kivukoni Likoni kila siku. Isitoshe, wengi wa waliokuwa wakitandika vitanda katika hoteli hizo ni watu wa Ukunda, Tiwi na Waa, na kinachowauma wanapopita penye malango yale yaliyotiwa kutu ni ajira iliyopotea.

Huko Matuga suala la nani mwenye mahali sasa linarudi kwa sura mpya. Barabara ya Dongo Kundu imemwezesha msafiri kutoka Mombasa kufika huko bila kungoja feri, na ploti za ufuoni zinatafutwa kuliko zamani. Kaya Waa na Kaya Tiwi hazimo katika orodha ya UNESCO ya mwaka wa 2008, ingawa zimetangazwa rasmi na serikali kuwa turathi za kitaifa, na Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inazipa kinga. Kesi ya mpaka ikifika huko, hakimu atauliza hati na ramani ya mpimaji. Hatauliza koma, na wazee wanaojua kila koma ina mipaka gani hawajaandika popote.