Mayai Yanayosubiri Mvua ya Pili

Msomaji wetu mmoja wa Kisanga, wilayani Kilosa, ameandika kuuliza. Amejipatia tangi la kioo la lita 40, ameliweka sebuleni, na sasa anataka kujua aweke samaki gani: perege wa kuvua mtoni, au afunge safari ya Dar es Salaam akanunue wa dukani?

Perege aachwe mtoni. Kambare ndiyo kabisa, maana akikomaa huweza kupita urefu wa mita 1, na tangi la sebuleni litamshinda akiwa bado mdogo. Gapi wa dukani wataishi bila taabu na watazaa sana. Ila inasikitisha mtu wa Kilosa apande basi kufuata samaki wa mapambo mjini, ilhali wafugaji wa Ulaya wanamtunza kwa miaka mingi, kizazi baada ya kizazi, samaki ambaye asili yake ni Kilosa hiyohiyo.

Samaki huyo anaitwa Nothobranchius steinforti. Mholanzi Ruud Wildekamp ndiye aliyemtangaza kwa wanasayansi mwaka 1977, kutokana na samaki waliopatikana karibu na Kimamba, katika bonde la mto Wami. Ni mdogo, sentimita 5 hivi. Ana ndugu wengi katika nchi hii: N. guentheri wa Unguja, aliyeandikwa tangu 1893, N. korthausae wa Mafia, N. eggersi wa Rufiji. Katika ukoo huu madume ndio wenye rangi. Dume wa Unguja, kwa mfano, ana magamba ya buluu yenye kingo nyekundu na mkia mwekundu kama kaa la moto. Majike wana rangi ya maji ya tope, na ukimtazama jike dimbwini hutamwona.

Wanaishi katika madimbwi ya mbugani, yale yanayojaa mvua ikinyesha na kukauka jua likishika. Dimbwi likikauka, samaki wote hufa. Hawachimbi tope wakajificha kama kamongo, na wala hawana pa kukimbilia. Miezi inapita, udongo mweusi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ng'ombe wanapita juu yake. Kisha mvua inarudi, na baada ya wiki chache samaki wamo tena. Haishangazi kwamba watu wa nchi nyingi wamesadiki kuwa wanadondoka na mvua.

Mambo ya maji nitayasema upesi, kwa kuwa yameandikwa mara nyingi. Maji ya bomba yalale kwenye ndoo usiku kucha klorini itoke. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, na bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na sumu kali. Bakteria hao wanahitaji wiki kadhaa kuzoea tangi, kwa hiyo anza na samaki wachache na ubadilishe robo ya maji kila wiki. Sasa turudi kwenye udongo, kwa sababu huko ndiko kuliko na ajabu yenyewe.

Jike hutaga yai moja moja. Dume humkumbatia kwa pezi la mgongoni, wote wawili wanatetemeka, na yai lenye kipenyo cha milimita 1 hivi linazama ndani ya tope. Katika mayai ya samaki wengi, seli hugawanyika, huenea juu ya kiini cha njano, na papo hapo huanza kujipanga kuwa mgongo na kichwa. Kwa samaki wa madimbwi jambo hilo haliendi hivyo. Seli zitakazokuwa mwili hutawanyika moja moja, kila moja ikitembea peke yake juu ya kiini, bila kichwa, bila mkia, bila mbele wala nyuma. Hapo kiinitete kinaweza kusimama. Hakijafa, na hakiendelei. Wakati ukifika, seli zile hukusanyana tena mahali pamoja na kuanza kuujenga mwili. Mmarekani John Wourms, aliyezieleza hatua hizi kwa kina mwaka 1972, alidhani kutawanyika huko kunasaidia: seli chache zikiharibiwa na ukame, zilizobaki zinaweza kushika nafasi zao, kwa kuwa hakuna bado iliyopangiwa kazi.

Huo ni mwanya wa kwanza wa kusimama. Wa pili unakuja mwili ukiwa umeshachorwa: uti wa mgongo upo, macho yameanza, moyo umeshatengenezwa na unadunda. Kiinitete hupunguza mapigo, hupunguza kutengeneza protini, hupunguza karibu kila kazi inayokula nguvu, na hukaa hivyo kwa miezi. Wa tatu uko mwishoni kabisa, samaki akiwa amekamilika, amejikunja ndani ya ganda, macho yake yakionekana kutoka nje kama pete mbili zinazong'aa. Hapo hana cha kuongeza. Anangoja maji tu.

Wataalamu wanaiita hali hii kwa jina lenye asili ya Kigiriki, na ukilitohoa unapata daiapozi, neno lisilomwambia mtu kitu. Nimependekezewa "usingizi", nami naukataa: anayelala moyo wake haukaribii kusimama, na usiku wa usingizi unahesabika katika umri wake. "Ubwete" una harufu ya uvivu. Mimi nashika kiporo, kwa maana ile ya mechi ya kiporo: haijachezwa, haijafutwa, imo kwenye ratiba. Basi tuseme kiporo cha kwanza, cha pili na cha tatu, na yai lililosimama tuliite yai kiporo.

Neno hili linafaa kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao juu ya N. furzeri, ndugu wa Zimbabwe na Msumbiji ambaye porini huweza kupevuka siku 14 tu baada ya kuanguliwa. Kiinitete chake kinaweza kukaa kiporo kwa muda mrefu kuliko maisha yake yote ya utu uzima, kisha kikaanguliwa na kukua, kuzaa na kuishi sawa na ndugu yake ambaye hakusimama hata siku moja. Muda ule haukukatwa kwenye umri. Hili linanigusa sana, maana samaki huyu ni kiumbe mwenye uti wa mgongo, kama sisi.

Na mayai hayafanyi hivyo kwa pamoja. Mkulima wa Kisanga anaijua sababu. Ana debe la mbegu za mahindi. Mvua ya kwanza ya vuli inanyesha, ardhi inanukia, majirani wanashika jembe. Yeye hamwagi debe zima shambani. Anapanda sehemu, akikumbuka mwaka ambao mvua ilinyesha siku nne kisha jua likachoma miche yote. Sehemu nyingine anaiweka tayari karibu na mlango, aipande mvua ikishika kweli. Na yapo mahindi aliyoyatundika juu ya meko yapigwe moshi, ambayo hayagusi hata masika yakiwa mazuri namna gani, kwa sababu ni ya mwaka ujao. Jike wa dimbwini anafanya vilevile, ila hana kumbukumbu wala hatazami mawingu. Mayai aliyotaga siku moja, ya mama mmoja na baba mmoja, hugawanyika: mengine hukiruka kiporo cha pili na kuwahi kukomaa, hasa joto likiwa kali, mengine hukaa miezi, na hata yaliyokomaa hayaanguliwi yote maji yakifika. Dimbwi likijaa wiki mbili tu kisha likakauka, waliowahi wanakufa. Mbegu za juu ya meko bado zimo udongoni.

Udongo wenyewe si wowote. Mwanajiolojia Brian Watters ameonyesha kuwa samaki hawa hupatikana katika madimbwi yenye udongo wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ndio huu mweusi wa mbuga. Huhifadhi unyevu kidogo hata kiangazi, na yai halikauki kabisa. Mchanga haufanyi hivyo.

Sasa turudi kwenye tangi la msomaji wetu, la lita 40: dume mmoja na majike watatu, au madume wawili na majike watano, na mimea ya kutosha ili majike wapate pa kumkwepa dume. Wasichanganywe na spishi nyingine ya ukoo wao, kwani majike hufanana mno. Viluwiluwi vya mbu ni chakula wanachokipenda. Gramu 1 ya chumvi kwa kila lita husaidia kuzuia ugonjwa wa vumbi la dhahabu, unaowapata upesi. Funika tangi, wanaruka. Ukienda kuwatafuta madimbwini, ndani ya Hifadhi ya Mikumi hakuna kuchota kitu, na nje ya hifadhi muulize kwanza ofisa uvuvi wa wilaya.

Weka bakuli lenye makumbi ya nazi yaliyochemshwa na kusagwa laini, watatagia humo. Kila wiki mbili yatoe, yakamue mpaka yawe na unyevu wa tumbaku mpya, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uandike tarehe. Wafugaji wa ng'ambo hutumiana mifuko kama hiyo kwa posta, ndani ya bahasha. Katika joto la nyuzi 24 hivi, anza kuyakagua baada ya miezi miwili. Ukiona pete za macho ndani ya mayai mengi, mimina makumbi kwenye beseni na uongeze maji ya baridi kiasi, kina cha vidole vitatu. Maji ya uvuguvugu hayawashtui. Ndani ya saa chache utaona vijisamaki vikirukaruka, na vinataka kula siku hiyohiyo: chuja kwa kitambaa viroboto wadogo wa maji kutoka dimbwi lisilo na samaki.

Baada ya siku mbili, vihamishe vijisamaki vyote. Makumbi usiyamwage. Yakamue tena, yafunge, andika tarehe mpya, na uyaloweshe tena baada ya mwezi.