Samaki wa Ziwa Tshangalele

Akina mama wa Lubumbashi wamjua samaki mzuri: macho yang'aa, mashavu ni mekundu, nyama ni imara. Lakini iko sumu ambayo jicho haliioni.

Ziwa Tshangalele lilizaliwa mwaka 1930, mto Lufira ulipozibwa kwa ukuta mkubwa huko Mwadingusha ili kupata umeme. Upande wa juu uko mji wa Likasi wenye viwanda vya shaba, na maji yashukayo kutoka huko huishia ziwani. Mwaka 2010 wataalamu wa Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi wao wa bonde lile. Walipima shaba, kobalti, risasi na kadimi, tangu vijimea vya maji hata samaki, wakayakuta madini hayo yamekwisha kuingia katika chakula.

Tusidanganyike. Minyoo ya samaki hufa motoni. Madini hayafi, hata ukipika kutwa. Hukusanyika zaidi katika ini na figo. Basi, mama, kabla ya kusonga bukari, tupa matumbo yote, wala usiwape watoto ini. Lakini dawa ya kweli iko mtoni: mwenye kiwanda ayasafishe maji yake kabla ya kuyaachilia. Samaki hachagui maji, wala mtoto hachagui kitoweo.