Tusiwahukumu mazimwi wa Digimon kabla ya kuwatazama

Muhula uliopita nilimnyang'anya mwanafunzi mmoja wa Gredi ya Saba daftari lake la Hisabati. Katika kurasa za nyuma, mahali palipopaswa kuwa na hesabu za sehemu, palikuwa na kundi zima la madubwana: joka mwenye pembe tatu, mbwa-mwitu mwenye manyoya ya samawati, ndege wa moto, na malaika aliyeshika fimbo. Nilifoka. Nilipofika katika chumba cha walimu niliwahutubia wenzangu kwa muda usiopungua robo saa kuhusu jinsi katuni za kigeni zinavyowapumbaza watoto wetu. Mwenzangu mmoja, mwalimu wa Sayansi ambaye umri wake ni wa mwanangu, aliningoja nimalize, kisha akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, wewe umewahi kuitazama?"

Sikuwa nimeitazama. Na mtu aliyefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka thelathini, akiwaonya wanafunzi wasihakiki riwaya kwa kusoma jalada, hana pa kujificha akiulizwa swali kama hilo. Nilikubali anitilie katika tarakilishi yangu vipindi vyote 54 vya Digimon Adventure, nikaanza kutazama usiku baada ya chakula, mlango nimeufunga kama mwizi.

Kwa wale wasioifahamu, hii ni katuni ya Kijapani iliyotengenezwa na kampuni ya Toei na kuonyeshwa na kituo cha Fuji jijini Tokyo kuanzia Machi 1999 hadi Machi 2000. Asili yake, lazima tuseme ukweli, si fasihi bali ni biashara. Kampuni ya Bandai ilikuwa imetia fora mwaka 1996 kwa kijidude cha kuchezea kiitwacho Tamagotchi, ambamo mtoto alilea kiumbe cha kielektroniki. Mwaka uliofuata ikatoa kingine kilicholengwa kwa wavulana, ambacho viumbe wake waliweza kupigana. Katuni ilifuata baadaye. Kwa hivyo mzazi anayelalamika kwamba kipindi hiki kimetungwa ili mwanawe alilie vikorokoro dukani hajakosea hata kidogo. Katika vipindi vingi zimwi hugeuka kuwa kubwa zaidi kwa mbwembwe zilezile, picha zilezile na muziki uleule, hadi mtu mzima akatamani kwenda kuchemsha chai.

Kisa chenyewe ni hiki. Watoto saba walio katika kambi ya likizo wanajikuta wametupwa katika ulimwengu mwingine uliojengwa kwa data za tarakilishi. Huko kila mmoja anampata zimwi wake, kiumbe mdogo anayesema na mwenye njaa isiyokatika. Mtoto anapokabiliwa na hatari, zimwi wake hugeuka na kuwa mkubwa ili amlinde. Baadaye anaongezeka mtoto wa nane. Kila mtoto ana nembo yake: ujasiri, urafiki, upendo, maarifa na nyinginezo. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu. Nilidhani nimekwishaujua mwisho: wema watashinda, waovu watashindwa, na kila nembo itang'aa kwa zamu kama wanafunzi wanaokariri sifa za mhusika mkuu.

Kilichonifanya niketi wima ni kipindi cha 16.

Taichi, mvulana wa darasa la tano ambaye ndiye kiongozi, amepata nembo ya ujasiri. Anataka zimwi wake, Agumon, afike ngazi ya juu kabla ya adui hajafika. Anamlisha. Anamlisha tena. Agumon ameshiba hadi pumzi zinamwishia, lakini Taichi anamsukumia chakula kingine kinywani, kwa kuwa wenzake wote wanamtegemea na yeye hataki kuwaaibisha. Vita vinapoanza, Agumon anageuka kuwa Greymon, lakini amekuwa mzito na anazidiwa. Hapo Taichi anaamua kulazimisha mambo: kwa kuwa zimwi hugeuka mtoto anapokuwa hatarini, anakimbia mwenyewe kuelekea adui ili aitengeneze hatari hiyo. Nembo inaitikia. Lakini anayetokea si shujaa waliyemtarajia. Anatokea gofu la mifupa, dubwana lisilo na nyama wala macho ya huruma, linaloitwa SkullGreymon. Linamwangamiza adui, kisha linawageukia marafiki.

Baadaye nguvu zinamwishia. Anasinyaa, anakuwa kiumbe mdogo wa rangi ya waridi asiyeweza hata kusimama. Na jambo la kwanza analofanya ni kumwomba Taichi msamaha kwa kutofikia matarajio yake.

Niliisimamisha picha hapo. Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu wa darasa la nane katika shule ambayo sitaitaja. Palikuwa na mvulana mwerevu, mtoto wa mjane aliyeuza mboga, na sote tuliamini kwamba ndiye angetuletea jina katika wilaya. Nilimwita shuleni saa kumi na moja alfajiri. Nilimzuia kwenda uwanjani wenzake walipocheza kandanda. Jumamosi alikuwa kwangu, Jumapili baada ya ibada alikuwa kwangu, na alipoanza kutokwa na damu puani nilimwambia anywe maji. Mtihani wa KCPE ulikuwa na jumla ya alama 500, na sisi tulikuwa tumemtarajia apate 430. Alipata 398. Yalikuwa matokeo ambayo mtoto mwingine yeyote katika kijiji kile angechinjiwa mbuzi. Yeye alikuja nyumbani kwangu, akasimama nje ya lango, akasema, "Mwalimu, nisamehe, nimekuaibisha."

Nilimjibu kwamba nimemsamehe. Fikiria hilo, msomaji. Nilimsamehe!

Taichi, ambaye ni mtoto wa kuchorwa, alifanya vizuri kuliko mimi. Alikiri kwamba kosa lilikuwa lake. Watungaji nao hawakumpa ushindi wa haraka ili kufuta doa hilo. Vipindi kadhaa baadaye, katika jangwa, mvulana huyu anatambua kwamba katika ulimwengu ule anaweza kufa kweli, na miguu inamwisha nguvu mbele ya ua wa umeme. Anaogopa waziwazi mbele ya wenzake. Anapopita hatimaye, anajua anachokihatarisha, na ndipo zimwi wake anapogeuka sawasawa. Nimesoma vitabu vingi vya saikolojia ya elimu ambavyo havikuweza kunitofautishia ujasiri na ukaidi kwa uwazi wa namna hiyo.

Kuna mengine ambayo mwalimu atayatambua upesi. Jou, aliye mkubwa kuliko wote, ametoka katika familia ya madaktari na anaishi akiuogopa mtihani wa kuingia shule ya upili. Hata akifukuzwa na majitu bado anawaza ratiba. Koushiro, mpenzi wa tarakilishi, alisikia wazazi wake wakizungumza usiku na akagundua kuwa yeye ni mtoto wa kulea, akajificha ndani ya mashine tangu siku hiyo. Yamato na Takeru ni ndugu waliotenganishwa na talaka: mmoja kwa baba, mwingine kwa mama. Nani kati yetu hana watoto hawa darasani? Tofauti ni kwamba katuni iliuliza kwa nini mtoto fulani hasemi, ilhali sisi huandika "mzembe" katika ripoti.

Walionionya kuwa humu mna mashetani nawajibu kwamba yumo mmoja kweli, Devimon, na hasifiwi popote. Anayemshinda ni Angemon, zimwi wa yule mtoto mdogo kabisa, naye anaangamia kwa kufanya hivyo. Kinachobaki mikononi mwa mtoto ni yai. Sikutarajia katuni ya kuuza vitu vya kuchezea imwache mtoto wa darasa la pili alie hivyo bila kukimbilia kumfariji kwa mzaha.

Ila mzaha uliongezwa na wengine. Toleo la Kiingereza lililotoka Marekani mwaka huohuo wa 1999 liliwabadilishia watoto majina, likaondoa muziki wa asili, na likajaza maneno na utani pale ambapo Wajapani walinyamaza. Wanafunzi wa tafsiri wangefaidika kuyaweka matoleo hayo mawili kando kwa kando. Waone jinsi mfasiri anayeogopa kimya anavyoweza kuiua simanzi.

Kasoro hazikosekani. Sora, msichana aliyependa kandanda, anapewa nembo ya upendo na polepole anageuzwa mama wa kundi zima. Mimi (hilo ni jina lake, wala sijisemi) analialia kupita kiasi katika nusu ya kwanza. Na baadhi ya vipindi vya katikati havina kazi isipokuwa kusogeza siku. Ningeipa kazi hii alama 70 kwa mia. Kipindi cha 16 pekee ningekipa zote.

Jumatatu iliyofuata nilimwita yule mwanafunzi. Alikuja akitetemeka, akidhani nimemwita mzazi wake. Nilimrudishia daftari. Alilipekua haraka hadi nyuma kuona kama nimezichana kurasa. Zote zilikuwapo. Chini ya picha ya SkullGreymon nilikuwa nimesahihisha tahajia kwa kalamu nyekundu, kwani alikuwa ameliandika kwa l moja.