Njia ya Salem: Lango la Ushuru na Mwisho Wake



Katika mkutano wetu uliopita lilizuka jambo la njia. Mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba kila mwenye kutoa karafuu shamba akitozwa kitu kidogo kwa kila gunia, njia yetu itatengenezeka kabla ya msimu. Mzee mmoja akamjibu papo hapo: "Mwanangu, ushuru ukishaingia haujui kutoka." Wengine wakacheka, wengine wakanung'unika, na mkutano ukavunjika bila ya kupitisha neno lo lote.

Mimi nilikuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano, na neno la yule mzee nimelala nalo siku nyingi. Wala siandiki kama mtu asiyeguswa. Msimu uliopita gari lililochukua magunia yangu sita lilizama katika tope, mvua ikatukuta palepale, na karafuu niliyoianika kwa siku nne ikafika mizanini imerowa. Ilishushwa daraja, na hasara yake naijua mimi na mke wangu. Kwa hiyo njia naitaka. Lakini neno la mzee nalo lina haki yake, na yafaa lijibiwe kwa hoja, si kwa kicheko.

Ndipo nikatafuta habari za watu wengine waliokwisha kulikabili jambo kama hili, nikaikuta habari ya njia moja fupi ya pwani huko Marekani, itokayo mji wa Salem kwenda Boston katika jimbo la Massachusetts. Nimeona niwaletee, maana ina mafundisho, na tena mji wenyewe si mgeni kwetu.

SALEM NA SISI

Wazee wetu waliijua Salem kabla hawajaijua miji mingi ya Ulaya. Tangu miaka ya 1820 majahazi ya matanga kutoka bandari ile yalikuwa yakitia nanga Unguja. Mwaka 1833 Edmund Roberts alifika Maskati akafanya mkataba wa biashara na Seyyid Said bin Sultan kwa niaba ya serikali ya Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akaja Unguja kuwa balozi wao wa kwanza. Matajiri wa Salem walichukua huku pembe, sandarusi na karafuu, na walileta kitambaa cha pamba kigumu ambacho kilipata jina kwa nchi kilikotoka, nasi twakiita merikani mpaka leo. Hata picha iliyochorwa ya Ahmad bin Naaman, aliyekwenda New York mwaka 1840 na jahazi la Seyyid Said liitwalo Sultana, imehifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Salem.

Basi watu hao waliozijua bahari za mbali, waliokuwa wakileta pilipili manga kutoka Sumatra, walikuwa na taabu moja karibu ya mlango wao. Kwenda Boston kwa bahari ni rahisi upepo ukikubali. Kwenda kwa nchi kavu ilikuwa mashaka. Baina ya miji hiyo miwili pana kinamasi kikubwa cha maji ya chumvi, nacho ni tambarare ya tope na majani ambayo bahari huipanda na kuiacha. Hakina mikoko kama chetu, maana huko ni nchi ya baridi. Huota majani ya chumvi ambayo wakulima waliyakata wakalisha ng'ombe. Njia ya zamani ilikikwepa kinamasi hicho kwa kuzunguka juu, ikipinda huku na huku kufuata vijiji na vilima.

MTI UNAOGEUZWA

Serikali ya jimbo wakati ule haikuwa na fedha za kujenga njia kuu. Kila mji ulitengeneza kipande chake, na mji uliokuwa maskini au mvivu uliacha kipande chake kioze. Msafiri alilipata tope la kila mji kwa zamu.

Dawa waliyoitumia waliichukua kwa Waingereza. Huko Uingereza, mwaka 1663, Baraza la Kutunga Sheria lilitoa ruhusa kwa mara ya kwanza ya kuwatoza wapitao katika sehemu ya njia kuu iendayo kaskazini, ili fedha zao ziitengeneze njia hiyohiyo. Palepale pa kutoza huwekwa mti mrefu ukingamizwa njiani, na mtu akilipa mti hugeuzwa akapita. Ndiyo maana njia za namna hii kwa Kiingereza ziliitwa turnpike, yaani mti, au mkuki, unaogeuzwa. Wamarekani wakalifuata jambo hilo kwa njia yao: badala ya wadhamini, waliunda makampuni yenye hisa. Njia mashuhuri ya kwanza ilikuwa ile ya Philadelphia kwenda Lancaster, maili 62, iliyojengwa katika miaka ya 1790. Katika Massachusetts kampuni ya kwanza ya njia iliandikwa mwaka 1796.

Mwaka 1802 ikaandikwa kampuni ya Salem. Jina lake lilikuwa refu, Salem Turnpike and Chelsea Bridge Corporation, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mbili: kujenga njia, na kujenga daraja juu ya Mto Mystic baina ya Chelsea na Charlestown, karibu na Boston. Waliokuwa na fedha walinunua hisa. Walioijenga waliamua wasizunguke tena. Wakapita moja kwa moja katikati ya kinamasi kwa kuinua tuta la udongo juu ya tope. Njia ilifunguliwa mwaka 1803, na urefu wake wote ulikuwa kiasi cha maili 13 tu.

DARAJA LINALOELEA

Jambo lililowashangaza watu zaidi ya yote lilikuwa katika mji wa Lynn, katikati ya njia. Hapo palikuwa na ziwa dogo ambalo chini yake ni tope laini lisilo na mwisho. Nguzo ya kushika daraja ikipigwa hupotea. Basi walijenga daraja lisilo na nguzo: walipanga magogo tabaka juu ya tabaka, wakayaunga, wakayaacha yaelee juu ya maji kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kiasi cha futi 500. Magari ya farasi yalipita juu yake, nalo likididimia kidogo chini ya uzito na kuinuka tena. Liliitwa Daraja Linaloelea, na watu walilitumia miaka mingi.

Mwanachama ambaye amewahi kuona njia ya shambani ikimezwa na tope kila masika ataelewa jambo hili: wale watu hawakushindana na lile tope, walilipa haki yake. Penye tope la kina walielea, na penye kinamasi cha kawaida walijaza udongo.

NANI ALIPE, NANI APITE BURE?

Sasa nafika penye jambo letu. Katika jimbo lile ada haikuachiwa kampuni iipange itakavyo. Baraza la jimbo ndilo lililotaja kiasi kwa kila chombo: gari kubwa la farasi la watu wenye uwezo lilitozwa zaidi, gari la ng'ombe la mkulima likatozwa kidogo, na mtu mwenye farasi wake mmoja senti chache tu. Sheria ya mwaka 1805 ikataja pia wasiotozwa kabisa: mtu aendaye kusali, apelekaye nafaka yake kusagwa, aendaye katika kazi za kawaida za nyumba yake ndani ya mji wake, na aliyeitwa kufanya kazi ya askari. Tena njia ya zamani ya kuzunguka haikufungwa. Asiyetaka kulipa aliweza kwenda mbali bure. Aliyelipa alilipia ufupi na ukavu.

Katika jimbo jirani la New York walikuwa na sharti jingine ambalo mimi limenipendeza. Wakaguzi waliwekwa kuziangalia njia za ushuru, na wakikuta njia imeharibika waliweza kuamuru lango liachwe wazi, watu wapite bure, mpaka itengenezwe. Mtozaji asipofanya kazi yake, hana haki ya kutoza.

Hata hivyo watu ni watu. Katika njia nyingi za ushuru wenyeji walivunja uchochoro kandokando ya lango, wakapita mashambani, wakarudi njiani mbele. Uchochoro huo ulipewa jina lake kwa Kiingereza, shunpike, njia ya kulikwepa lango. Kila lango lililoonekana la dhuluma lilizaa uchochoro wake.

NJIA MBILI, BAHATI MBILI

Makampuni mengi ya njia hayakupata faida. Mfano ulio karibu ni njia ya Newburyport, iliyoandikwa mwaka 1803, mwaka mmoja tu baada ya ile ya Salem. Walioichora walipenda mstari ulionyooka kuliko watu. Ilitoka Boston ikaenda kama uzi, ikapanda vilima badala ya kuvizunguka, ikaipita miji kando. Ilikula zaidi ya dola 400,000, na wenye hisa walipata hasara, kwa maana farasi walichoka vilimani na watu wenye mizigo hawakuwako njiani.

Njia ya Salem ilikuwa miongoni mwa chache zilizolipa. Nayo ilikuwa imenyooka, lakini ilinyooka penye haja: ilikata kinamasi ambacho kila mtu alikuwa akikizunguka, na ilipita Lynn, mji wa mafundi wa viatu, ambao walikuwa na mizigo ya kupeleka kila wiki. Faida ya njia haiko katika uzuri wake kwenye karatasi, iko katika magunia yanayopita.

Lakini hata hiyo ilipata mshindani. Mwezi wa Agosti 1838 reli ya kampuni ya Eastern ilifunguliwa kutoka East Boston hadi Salem, ikakata kinamasi kilekile. Magari ya abiria ya farasi yaliyokuwa yakienda na kurudi kila siku yakakosa watu, na mapato ya lango yakashuka. Sisi nasi tumeonja mambo haya kwa upande wa pili: reli ya Bububu, maili saba tu kufuata pwani ya Unguja, ilijengwa na kampuni ya Kimarekani ikafunguliwa mwaka 1905, lakini motokaa zilipokuja ikaacha kuchukua abiria mwaka 1922. Kila chombo kina zama zake.

USHURU ULIVYOKWISHA

Katika mikataba ya makampuni ya njia ya Massachusetts palitiwa neno ambalo ndilo jibu langu kwa yule mzee wetu. Yaliandikwa, tangu siku ya kwanza, masharti ya mwisho: ikithibitika kwamba mapato yamekwisha kurudisha gharama zote pamoja na faida ya asilimia 12 kwa mwaka, baraza la jimbo liliweza kuivunja kampuni, na njia ikawa ya watu wote. Asilimia 12 si haba, na sisi Waislamu tuna maneno yetu juu ya fedha kuzaa fedha. Lakini tazameni maana yake: kabla ya kuchimba udongo wa kwanza, walikwisha kukubaliana siku ya kuling'oa lango.

Na lilitolewa. Mwishoni mwa miaka ya 1860 njia ya Salem na daraja la Chelsea viliacha kuwa mali ya kampuni, vikawa vya umma, na utunzaji wake ukapewa wenyeji. Baada ya hapo ukaja wakati wa motokaa. Leo njia hiyo ni barabara nambari 107; inapita juu ya kinamasi kilekile, na sehemu yake bado yaitwa Salem Turnpike, ingawa hapana mti wala mtozaji.

Haki yataka niseme na upande wa pili. Mwaka 1950 lilifunguliwa daraja kubwa la motokaa juu ya Mto Mystic, baina ya Chelsea na Charlestown, ambalo sasa laitwa Tobin, nalo likatoza ushuru. Tangu mwaka 2014 halina hata mtu wa kupokea fedha. Chombo cha umeme husoma gari likipita na hesabu hupelekwa kwa mwenye gari nyumbani. Kwa hiyo mzee wetu hakusema uongo. Ushuru wajua kutoka, lakini wajua pia kurudi kwa mlango mwingine.

LA KUZINGATIA

Ndugu wanachama, sikuandika haya ili niwavute upande mmoja. Lakini jambo hili litarudi mkutanoni, nami naomba kila mmoja aje amejibu moyoni mwake maswali manne. Je, kiasi kwa gunia kitapangwa na nani, na mwenye magunia mawili atatozwa sawasawa na mwenye magunia mia? Ni nani atakayepita bure? Nani atakagua njia, na ikiwa mbovu, je, tutaacha kutoza? Na la mwisho ndilo kubwa: siku gani, au kwa hesabu gani, ushuru utakoma?

Tukiyaandika majibu ya maswali hayo katika daftari kabla ya kukusanya senti moja, naamini hata mzee wetu atatia sahihi. Tukishindwa kuyaandika, basi afadhali turudi kwenye jembe na msaragambo, kila mtu na kikapu chake cha mawe, kama walivyofanya baba zetu. Daftari la hesabu liko wazi kwa kila mwanachama atakaye kulitazama, siku zote za kazi.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama