Mkuu Akitaka Idadi, Askari Huleta Idadi

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Leo nataka kukueleza habari za polisi. Lakini nitaanza na pamba.

Mkuu wangu mmoja alikuwa akiuliza jambo moja tu: "Mmepima ekari ngapi?" Basi tulimletea ekari. Tuliandika hata mashamba yaliyojaa magugu. Akaja mkuu mwingine. Yeye aliuliza: "Mkulima amevuna kilo ngapi?" Mabwana shamba tulikuwa wale wale, lakini sasa tulishika jembe tukaingia shambani pamoja na wakulima.

Polisi nao ni hivyo. Askari ana mkuu wa kituo. Mkuu wa kituo ana mkuu wa polisi wa wilaya. Juu yao yuko kamanda wa mkoa. Mkuu akisifu wingi wa waliokamatwa, askari atakamata wengi. Mkuu akiuliza, "Ushahidi uko wapi?" askari atatafuta ushahidi kwanza. Maji hufuata mkondo.

Sisi wa Shinyanga na Geita tulilipata somo hili kwa machozi. Katika miaka ya 1970 watu wengi waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Wakati huo Geita ilikuwa wilaya ya Mwanza. Wakubwa walitaka wauaji wapatikane upesi. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama walikamata watu wengi. Waliwatesa ili wakiri. Baadhi ya watu hao walikufa mahabusu.

Januari 1977, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu hata mmoja. Lakini polisi walikuwa chini ya wizara yake, naye alikubali kubeba dhamana hiyo. Baadaye baadhi ya maofisa walishitakiwa na kufungwa. Mzee Mwinyi alikuja kuwa Rais mwaka 1985.

Je, sheria inasemaje? Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamtaja mkuu wa kituo. Mtu akikamatwa bila hati, mkuu huyo anapaswa kumpa hakimu taarifa katika saa 24, au mapema iwezekanavyo. Mtu asipoweza kufikishwa mahakamani katika saa 24, mkuu wa kituo achunguze shauri lake. Kama kosa si kubwa, amwachie kwa dhamana. Tena, anayekamatwa ana haki ya kuambiwa kosa lake. Katiba yetu inakataza kumtesa mtu.

Sisi wananchi nasi tuna sehemu yetu. Ng'ombe wakiibwa kijijini, au mawe ya dhahabu yakipotea machimboni, tunapiga kelele: "Kamata wote!" Kelele hizo humfikia mkuu wa kituo. Naye huwasukuma askari wake. Kesho anayekamatwa bila kosa ni mtoto wako.

Basi, ndugu yako akikamatwa, usigombane na askari. Nenda kwa mkuu wa kituo pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Uliza kwa adabu: "Amekamatwa kwa kosa gani? Ushahidi ni upi? Atafikishwa mahakamani lini?"

Mkuu anayeulizwa maswali hayo kila mara, naye atawauliza askari wake.