Kilomita 226 kwa siku moja: Siri ya kumaliza triathloni ndefu ya kwanza

Na MWANDISHI WETU

MKENYA akitajiwa mbio za masafa marefu, fikira zake huelekea moja kwa moja Iten, Kapsabet au Eldoret. Ni nadra kumpata atakayefikiria Muhuru Bay, Sori, Mbita au mji wa Homa Bay. Hata hivyo, upo mchezo mmoja ambao mahitaji yake makuu, yaani maji mengi, barabara ndefu na vilima vya kukomaza miguu, yote yanapatikana katika kaunti za Migori na Homa Bay.

Mchezo huo ni triathloni. Mshiriki huogelea, kisha hupanda baiskeli, halafu humalizia kwa kukimbia. Saa huhesabu mfululizo bila kusimamishwa, kiasi kwamba hata dakika za kubadilisha nguo na kufunga kamba za viatu huingizwa katika hesabu.

Triathloni ni za masafa mbalimbali. Ile ya Olimpiki, iliyoshindaniwa kwa mara ya kwanza mjini Sydney, Australia mwaka 2000, ni ya kuogelea kilomita 1.5, kuendesha baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10. Ile ndefu, ijulikanayo kote duniani kwa jina la Ironman, ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180 na marathoni nzima ya kilomita 42.2. Jumla yake ni kilomita 226.

Mashindano hayo marefu yalizaliwa kutokana na ubishi. Afisa wa jeshi la wanamaji la Marekani, John Collins, na wenzake walikuwa wakijadiliana ni nani mwenye stamina zaidi kati ya waogeleaji, waendesha baiskeli na wakimbiaji. Ili kuukata mzizi wa fitina, waliamua kuziunganisha fani zote tatu. Mnamo Februari 18, 1978, wanaume 15 walijitosa baharini katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Waliomaliza ni 12, na mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58.

Afrika Mashariki nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2018 Hanifa Said aliiwakilisha Kenya katika triathloni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast, Australia. Mwaka 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, ulio kando ya Ziwa Kivu, uliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya nusu ya masafa ya Ironman.

Swali ambalo msomaji huenda anajiuliza ni iwapo mtu wa kawaida, mwenye kazi na familia, anaweza kuyamaliza masafa hayo. Jibu limo katika hesabu.

Kwa kawaida, mshiriki hupewa saa 17. Akianza saa moja asubuhi, sharti awe amevuka utepe kabla ya saa sita usiku. Aidha, katika mashindano mengi, kuogelea kusizidi saa mbili na dakika 20, na baiskeli iwe imekamilika ndani ya saa kumi na nusu tangu mwanzo.

Tuchukue mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika mbili na nusu, mwendo usio wa kutisha. Atatoka majini baada ya saa moja na dakika 35. Akiendesha baiskeli kilomita 25 kwa saa, kilomita 180 zitamchukua saa saba na dakika 12. Baada ya hapo, hata akitembea marathoni nzima kwa kilomita sita kwa saa, atamaliza baada ya saa 16 na dakika chache, akijumlisha dakika 20 za kubadilisha mavazi.

Lakini mtu huyo huyo akipunguza mwendo wa baiskeli hadi kilomita 20 kwa saa, sehemu hiyo itamla saa tisa. Muda uliowekwa utakuwa umempita, naye ataondolewa kabla ya kukimbia hata hatua moja. Hivyo basi, ingawa Wakenya ni mabingwa wa mbio, katika triathloni ndefu baiskeli ndiyo hutafuna sehemu kubwa ya siku, nako kuogelea ndiko huamua ni nani atakayethubutu kuanza.

Kuogelea ndiko pia kwenye hatari kubwa. Uchunguzi uliofanywa nchini Marekani umebaini kuwa vifo vingi katika triathloni hutokea majini, wala si barabarani. Hofu, msongamano wa watu, maji baridi na maradhi ya moyo yasiyotambuliwa mapema hutajwa miongoni mwa sababu.

Kwa wakazi wa kando ya Nam Lolwe, kama Waluo waliitavyo Ziwa Victoria, suala hili lina uzito wa pekee. Si ajabu kumkuta mvuvi aliyezeekea majini lakini hajui kuogelea. Mashua ikipinduka, jaketi okozi na uwezo wa kuelea ndivyo humtenganisha na kaburi. Mtu ajifunze kwanza katika kidimbwi, chini ya mwalimu, kabla ya kulijaribu ziwa. Hata akishaiva, asiingie peke yake. Mashua ya kumsindikiza, kofia yenye rangi inayoonekana kwa mbali na ushauri wa wavuvi wanaojua viboko na mamba hukaa wapi ni mambo ya lazima. Asubuhi hufaa zaidi, kwani mara nyingi upepo wa ziwani huvuma kuanzia mchana.

Kuna pia kichocho. Viluwiluwi vya ugonjwa huu hutoka kwa konokono wanaoishi katika maji ya kina kifupi yenye majani, na hupenya ngozi ya mtu. Mwogeleaji aepuke kukawia kwenye magugu ya ufuoni, na afike hospitalini kupimwa wiki sita hadi nane baadaye. Muda huo una sababu yake: dawa iitwayo praziquantel huwaua minyoo waliokomaa, ila haina nguvu ya kutosha dhidi ya wale wachanga.

Baada ya maji ni barabara. Kilomita 180 ni zaidi ya kutoka Migori kupitia Awendo na Rongo hadi mji wa Homa Bay, kisha ukarudi. Barabara kuu ya Kisumu kuelekea Isebania ina malori, matatu na bodaboda tele, hivyo mazoezi marefu yafanywe alfajiri kukishapambazuka, kofia ngumu ikiwa kichwani. Baiskeli si lazima iwe ya bei ghali, ila iwe na breki imara na kiti kilichopimwa kwa urefu wa mwendeshaji. Vilevile, mshiriki ajue kuziba pancha mwenyewe, maana kanuni haziruhusu msaada wa wapita njia.

Juu ya baiskeli ndipo mtu anapokula. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini hupungua sana baada ya takriban saa mbili za jitihada kubwa, na mwili huweza kupokea takriban gramu 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbili kubwa hukaribia kiasi hicho. Viazi vitamu vya Kabondo vilivyochemshwa na kutiwa chumvi navyo vinafaa. Maji yanywewe kwa kiasi, kwa kuwa kuyabugia kupita kiasi hupunguza makali ya chumvi katika damu, hali inayoweza kuua.

Marathoni ya mwisho haifanani na marathoni nyingine. Mtu ashukapo baiskeli huhisi miguu si yake. Dawa yake ni kuizoesha: mara moja kwa wiki, akimaliza kuendesha baiskeli, akimbie papo hapo japo dakika 20.

Yanayoweza kumpata asiyejipima yalionekana Hawaii Februari 1982. Mwanafunzi Julie Moss, ambaye alikuwa akishiriki kwa mara ya kwanza, aliongoza mbio za wanawake hadi mita chache kabla ya utepe. Miguu ilikataa, akaanguka mara kadhaa, akapitwa na Kathleen McCartney, kisha akatambaa hadi mwisho na kushika nafasi ya pili. Picha zake za televisheni ziliutangaza mchezo huo duniani, lakini zilikuwa onyo vilevile.

Anayeanza leo asikimbilie kilomita 226. Apimwe na daktari, ashiriki masafa mafupi kwanza, kisha nusu, na ajipe angalau mwaka mzima kabla ya safari ndefu. Na hata kama hatawahi kuufikia utepe huo, kijana wa Sori au Mbita aliyejifunza kuogelea kilomita moja bila kuchoka atakuwa tayari amepata ujuzi unaoweza kuyaokoa maisha yake siku ambayo ziwa litachafuka.